Nkunga, Darasa la Bibi Maendeleo

Ndugu msomaji, huenda asubuhi hii ya Jumapili, hapo nyumbani kwako Temeke, Makorora au Mabatini, kuna barua iliyolala mezani kando ya birika la chai, na hakuna anayetaka kuigusa. Binti yako amehitimu chuo cha maendeleo ya jamii, ameomba kazi, amefanyiwa usaili, na sasa ameajiriwa. Furaha ya nyumba ilidumu mpaka mstari uliotaja kituo chake: Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe, Kata ya Nkunga. Mama mtoto ameuliza Nkunga ndiko wapi. Shangazi mtu amesema huko ni baridi na mvua, na mtoto hana ndugu. Nawe baba umekwisha kumkumbuka jamaa fulani ambaye shemeji yake yumo ofisini. Akipigiwa simu leo, huenda Nkunga ikageuka kuwa mjini.

Kabla hujapiga simu hiyo, nakusihi ufuatane nami. Safari yenyewe si ndefu kama unavyodhani, na nauli haitakusumbua, kwa kuwa tutasafiri kwa maneno tu.

Tuanzie Mbeya. Basi linatoka mjini na kufuata barabara kuu iendayo Iringa na Dar es Salaam, lakini halendi mbali nayo. Penye njia panda ya Uyole tunakata kulia, kuelekea Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi. Wasafiri wengi huijua Uyole kwa mahindi ya kuchoma na kelele za wapiga debe. Wakulima huijua kwa kituo chake cha utafiti, ambacho mbegu zake za viazi na maharage zimefika mbali. Wewe, mzazi, yakupasa uijue kwa jambo la tatu: hapa pana chuo cha maendeleo ya jamii, kimoja kati ya vile vinavyowafunda vijana wa kazi hii, pamoja na vingine kama Tengeru mkoani Arusha, Rungemba mkoani Iringa, Buhare mkoani Mara na Mlale huko Ruvuma. Kwa hiyo njia panda hii ni njia panda kweli. Kijana amalizapo masomo aweza kupanda basi la kushoto likampeleka mijini, au la kulia likampandisha Rungwe.

Kazi aliyosomea haikuzaliwa jana. Nchini India ilianzishwa rasmi tarehe 2 Oktoba, 1952, siku ya kuzaliwa kwa Gandhi, na mfanyakazi wake akaitwa kwa lugha yao mtumishi wa kijiji. Hapa kwetu wakoloni walijaribu mambo ya namna hiyo baada ya Vita Kuu ya Pili, mathalani madarasa ya kisomo huko Upare. Lakini mkono mmoja ulipokuwa ukifundisha kusoma, mkono wa pili uliamrisha. Huko Uluguru wananchi walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Shabaha yenyewe haikuwa mbaya, maana udongo ulikuwa ukihama kweli. Hata hivyo mwenye mlima hakuulizwa, na mwaka 1955 Waluguru walikataa kwa ghasia zilizomwaga damu, na mpango ukafa. Waalimu wa vyuo vyetu wangali wanao mfano wa kutosha hapo: ushauri mzuri ulioletwa kwa amri ukachukiwa pamoja na amri yenyewe.

Baada ya Uhuru wa Desemba 1961, mwito wa taifa ulikuwa Uhuru na Kazi. Mwaka 1962 wananchi walijitolea kwa wingi kujenga barabara, madarasa na zahanati, na mara ikaonekana kwamba nguvu ilikuwapo kuliko maarifa ya kuipanga. Zahanati zilisimama pasipo mganga. Madarasa yaliinuka mahali ambapo mwalimu hakutarajiwa. Ndipo ulipohitajika mtu wa kukaa kati ya serikali na kijiji, ajuaye kuuliza kabla ya kujenga. Chuo cha Tengeru kilianzishwa mwaka 1963 kwa kazi hiyo, mahali palepale ambapo wakati wa vita waliwekwa wakimbizi wa Kipolandi kwa maelfu, na wahitimu wake wakaenea nchini wakiitwa Bwana Maendeleo na Bibi Maendeleo. Tangu hapo vyeo vimebadilika na wizara zimegawanywa na kuunganishwa mara nyingi kuliko nitakavyokuchosha nazo. Leo jina la barua ni Afisa Maendeleo ya Jamii. Vijijini wazee wengi wangali wanasema Bwana Maendeleo, nami katika makala haya nitasema Bibi Maendeleo, maana ndiye aliye mezani kwako.

Sasa basi linapanda. Hewa inabadilika masikioni, na abiria waliovaa fulana wanaanza kutafuta masweta. Huku juu, pande za Isongole, ni nchi ya viazi mviringo na kabichi. Magunia yamesimama kando ya lami kama watu wanaongoja usafiri. Hapa ndipo pia wageni huteremkia waendao kulitazama Ziwa Ngosi, lililojaa ndani ya shimo la mlima wa volkano. Kisha barabara inashuka kuelekea Kiwira, na mara migomba inaanza. Haianzi kwa haya. Inaanza pande zote mbili na haikuachi tena. Kushoto kwako, ikiwa mawingu yamekuwa na huruma siku hiyo, umesimama Mlima Rungwe wenye kimo cha mita zipatazo 2,960. Tukuyu na viunga vyake hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na kuna miezi ambayo nguo iliyofuliwa huweza kukaa juma zima kambani bila kukauka. Shangazi mtu hakusema uongo.

Kuhusu mlima huo nina kisa kimoja. Kwa muda mrefu wawindaji wa vijiji vya pembeni walikuwa wakimtaja nyani mmoja mwenye haya, wa msituni, wakimwita kipunji. Wataalamu wa wanyama waliposikia habari hizo mwaka 2003, baadhi walidhani ni hadithi za kando ya moto. Walipofuatilia walimwona kwa macho yao, na mwaka 2005 dunia ikatangaziwa kwamba Afrika ina aina mpya ya tumbili, na baadaye akapewa jina la kitaalamu lenye kubeba majina yote mawili, la Rungwe na la kipunji. Mpya kwa nani? Wawindaji wale walikuwa na jina lake siku zote. Ningekuwa na uwezo, kisa hiki ningekifanya somo la kwanza la kila chuo cha maendeleo ya jamii, kabla ya hesabu, kabla ya uandishi wa taarifa, kabla ya kitu chochote.

Nkunga ni kata mojawapo ya wilaya hii ya milima. Ukiisha kuiacha lami, Rungwe hukupokea kwa udongo mweusi uliotokana na majivu ya volkano, ambao kiangazi hupasuka chini ya kiatu na masika hukataa kukiachia. Nyumba hazikurundikana pamoja kama ulivyozoea kuona katika vijiji vya tambarare. Zimejificha migombani, kila moja na uwanja wake uliofagiliwa, na banda la ng'ombe wa maziwa nyuma yake. Ardhi ni haba kwa sababu watu ni wengi, na pembe kwa pembe imepandwa kitu: migomba, maharage, mahindi, na katika sehemu nyingi za wilaya kahawa na chai. Ukimwona mtu akishuka mteremkoni na mzigo wa majani mabichi mkubwa kuliko yeye, usimhurumie upesi. Anampelekea ng'ombe chakula, na ng'ombe huyo ndiye atakayelipa karo ya mtoto.

Ukikaribishwa, salimia kwanza. Wanyakyusa humsalimu mtu mzima kwa "mugonile", yaani kumwuliza kama amelala salama, na neno la shukrani ni "ndaga". Maneno haya mawili yatamfungulia binti yako milango ambayo cheti chake hakitaigusa. Utaletewa ndizi zilizopikwa, labda mbalaga zilizochanganywa na maharage, na chai ya maziwa ambayo maziwa yake hayakununuliwa dukani. Kula. Mgeni anayesema ameshiba kabla ya kuonja amekwisha kuandika taarifa yake ya kwanza, na kijiji kizima kitaisoma kabla ya jua kutua.

Hapa nataka tukae kidogo, msomaji, maana Nkunga na jirani zake wana jambo ambalo wengi wanaokwenda kuwafundisha umoja hawalijui. Watafiti Godfrey na Monica Wilson waliishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, na mwaka 1951 Monica akachapisha kitabu juu ya vijiji vyao vya rika. Mahali pengine duniani watu hukaa pamoja kwa ukoo. Hapa wavulana walipofika umri wa miaka kumi hivi walitoka katika nyumba za baba zao, wakajenga vibanda vyao pembeni, na kibanda kikawa nyumba, na nyumba zikawa kijiji cha watu wa umri mmoja, watakaozeeka pamoja. Raha na wajibu wa kukaa pamoja hivyo, kula pamoja, kuzungumza na kutembeleana, wao waliviita kwa neno moja: ukwangala. Mtu aliyekula peke yake, hata awe na ng'ombe wengi namna gani, hakuhesabiwa kuwa mtu mwema. Uhaba wa ardhi na fedha za mazao viliuvunja utaratibu ule wa vijiji vya rika, nao sasa ni habari ya zamani. Lakini usidhani neno lile lilikufa na vibanda. Fika siku ya msiba uone jinsi kuni, ndizi na mikono inavyokusanyika pasipo karatasi ya michango wala mweka hazina.

Sasa tazama kinachompata Bibi Maendeleo asiyeyajua hayo. Amefika na mwongozo wake, amewaita watu mkutanoni, amewaeleza faida ya umoja. Wamemsikiliza kwa adabu. Wamepiga makofi. Hakuna kilichofuata, naye ameandika katika taarifa yake kwamba mwamko wa wananchi ni mdogo. Mwenzake aliyetangulia kwenda msibani mara tatu, akamenya ndizi pamoja na akina mama, amegundua kuwa umoja upo, una viongozi wake wasiotajwa katika orodha yoyote ya ofisini, na kwamba kikundi cha kuweka na kukopa hakina haja ya kuundwa. Kinahitaji daftari, kufuli na mtu wa kuwafundisha hesabu.

Desturi nyingine ya hapa ni ngumu zaidi. Kwa mila ya Kinyakyusa mke wa mwana alimwepuka kabisa baba mkwe wake. Hakumtazama usoni, hakusema naye. Wakikutana njiani alijitenga pembeni mpaka mzee apite. Wakati umeilegeza mila hiyo, na makanisa na shule vimeilegeza zaidi. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na wajukuu wa waumini wao wa kwanza sasa ni wazee. Lakini heshima haiondoki kwa siku moja. Sheria ya nchi inasema mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka kumi na minane, na uitishwe kila baada ya miezi mitatu. Ni sheria njema. Hebu jiulize basi: katika mkutano huo baba wakwe wameketi mbele vitini, nao wake za wana wao wameketi nyuma nyasini. Bibi Maendeleo anauliza, "Je, kuna mwenye maoni?" Kimya. Anaandika kwamba wote wameafiki mradi.

Na mradi wenyewe labda ni wa maji! Nani anayejua kwamba bomba likiwekwa karibu na ofisi ya kijiji litakuwa mbali na mashamba, kwamba ndoo ya lita ishirini haipandi mteremko ule wakati wa mvua, kwamba mtoto wa miaka minane ndiye atakayetumwa? Wanajua wale walioketi nyuma nyasini.

Mfanyakazi aliyefundishwa vema hataivunja mila mkutanoni, na hataiabudu pia. Atawatafuta akina mama mahali walipo huru: kisimani, kwenye kwaya, siku ya kliniki ya watoto, kwenye foleni ya kupima maziwa. Atawasikiliza huko. Kisha atatafuta mama mtu mzima, ambaye umri umekwisha kumvusha katika haya ya ukwe, awe msemaji wao mbele ya wazee. Jambo hili halimo katika cheti, na mtahini hana swali la kulipima. Lakini bomba litawekwa mahali pengine kwa sababu yake.

Maji ya Rungwe, nikiwa nimekwisha kuyataja, yana somo lake. Katika wilaya kavu maji hutafutwa ardhini kwa mashine. Hapa yako juu, yanabubujika milimani, na kazi ya binadamu ni kuyashusha kwa mabomba; huitwa maji ya mserereko. Hayataki dizeli. Kuanzia miaka ya 1980 misaada ya Denmark iliwezesha miradi mingi ya namna hii katika mikoa ya Mbeya, Iringa na Ruvuma, na vijiji vilichimba mitaro kwa mikono. Ungedhani basi kwamba tatizo limekwisha. Sivyo. Bomba la mserereko huziba kwa majani na mchanga penye chanzo. Koki huchakaa. Mtu mmoja wa juu hutoboa bomba amwagilie mboga, na watu wa chini hukauka. Koki mpya si bei kubwa, lakini ni nani aliyechangishwa, nani aliyeshika fedha, na kwa nini tusimpe tena? Mradi ukifa, aghalabu hufia katika maswali hayo matatu, si katika chuma. Tangu sheria ya maji ya mwaka 2019, usimamizi wa maji vijijini uko chini ya wakala maalumu, RUWASA, pamoja na vyombo vya watumiaji maji vya jamii yenyewe. Mafundi wanajua chuma. Kwa yale maswali matatu bado anatakiwa mtu wa kukaa na watu jioni.

Nimesema habari za kufundishwa, na pengine unataka kujua hasa binti yako alifundishwa nini kwa fedha zako. Alifundishwa namna ya kuendesha darasa la watu wazima, ambao hawafundishwi kama watoto. Taifa hili lilikuwa na sifa katika jambo hilo. Mwaka 1967 takribani theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi wakikusanyika vikundi vikundi kuzunguka redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Na kufikia mwaka 1986 wasiojua kusoma walihesabiwa kuwa chini ya mmoja kwa kila kumi. Mwaka 1975 vilianza vyuo vya maendeleo ya wananchi kwa msaada wa Sweden na kwa kuiga shule za watu wazima za huko. Katumba, hapa hapa Rungwe, pana kimoja. Huko mwanakijiji mwenyewe hujifunza ufundi na kilimo kisha akarudi kwao. Wengine huvichanganya vyuo hivi na vile vya kina Uyole, na majina yanasaidia kuchanganya: kimoja humfunda mwananchi, kingine humfunda yule atakayemtumikia.

Alifundishwa pia utaratibu uitwao Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao vijiji vyetu vimekuwa vikiutumia tangu mwanzoni mwa karne hii kupanga mipango yao. Wanakijiji huchora ramani ya kijiji chao chini, ardhini, kwa vijiti, mawe na majivu. Hutengeneza kalenda ya majira: mwezi wa njaa, mwezi wa malaria, mwezi wa fedha. Ukitazama watu wakiichora utaona wazee wakibishana juu ya kijito ambacho mtaalamu hakukiona katika picha yoyote. Ni utaratibu mzuri. Kasoro yake nitaisema bila kuficha: kijiji hupanga, kata hupokea, wilaya huunganisha, na mwisho bajeti hutoa sehemu ndogo ya yaliyoombwa. Mwaka unaofuata Bibi Maendeleo yuleyule huja na vijiti vilevile. Siku hiyo ndipo utajua kama alifundishwa ukweli. Akisema fedha zinakuja, hali hajui, atasikilizwa mara moja zaidi, kisha basi.

Kuna pia mikopo. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia kumi ya mapato yao ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Vikundi hewa vilichipuka mahali pengi nchini, marejesho yakawa haba, na mwaka 2023 serikali ilisimamisha utoaji huo ili utaratibu utengenezwe upya. Ulirejea mwaka 2024. Anayepita kikundi kwa kikundi akithibitisha kwamba kikundi ni watu na si majina, ni afisa wa kata. Ndiye atakayepigiwa simu na mkubwa fulani amwombee kikundi cha mpwa wake. Mshahara wake si mkubwa. Vijiji vyake vyaweza kuwa mbali mbali, na pikipiki aidha haipo au ipo na haina mafuta. Chumba cha kupanga chaweza kuwa na paa linalovuja. Jioni za juma la kwanza ni ndefu mno, na hakuna anayezungumza naye ila kwa Kiswahili cha heshima, kile ambacho mtu humwongelesha mgeni asiyetarajiwa kukaa.

Sikufichi, wengi hawakai. Wanakijiji wamekwisha kuwaona wakija na kuondoka, na kila anayeondoka anamwachia anayefuata mlango mzito zaidi. Ukimwona mzee akimjibu binti yako kwa upole mwingi na maneno machache, anapiga hesabu ya miezi.

Hapo ndipo simu yako inapoingia, ndugu yangu. Nkunga haitaki malaika. Inataka mtu wa kukaa masika mawili. Masika ya kwanza atajifunza njia, majina, na nani hasemi na nani. Masika ya pili ataanza kuulizwa mambo. Mtu aliyehamishwa katikati ya hayo, kwa huruma ya wazazi, amewapotezea wale watu mwaka mzima, na yeye mwenyewe atafika mjini akiwa na uzoefu wa kuandika barua za uhamisho tu. Nami nakiri kwamba nilipokuwa kijana niliwahi kufanyiwa hisani ya namna hiyo na wazee wangu, katika kazi nyingine na wilaya nyingine. Nilishukuru wakati ule. Sasa nikipita wilaya ile natazama nje ya dirisha la basi upande wa pili.

Lakini pia usimwache aende kama anayekwenda kifungoni. Mpigie simu ya kumwuliza amejifunza neno gani jipya la Kinyakyusa, usimwulize atahamishwa lini. Nenda kamwone mwenyewe, ulale usiku mmoja. Mzazi aliyefika humwondolea mtoto jina la mgeni haraka kuliko mtoto mwenyewe awezavyo. Ukifika, chukua sukari au kanga umpelekee mama mwenye nyumba, na umwite mama. Nawe atakuita baba wa fulani, na kuanzia usiku huo binti yako atakuwa na watu.

Kuhusu mizigo: sweta mbili nzito, maana moja itakuwa haijakauka. Viatu vya mvua virefu vya mpira, si vile vya urembo. Mwavuli imara, tochi, na blanketi. Godoro asibebe, atanunua Tukuyu. Mabasi ya asubuhi kutoka Mbeya hujaa upesi, basi awahi stendi kungali giza, na akae upande wa kushoto, ili mawingu yakifunuka auone mlima.